Hita haizimiki, na dada wa kazi amekatwa mshahara

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Ilboru, Arusha, mama wa watoto wawili, na tunaishi nyumba ya kupanga. Nakuandikia kuhusu hita ya maji, ila tatizo lenyewe limeshatoka bafuni limeingia sebuleni.

Hita yetu ni ile ya tanki, imefungwa ukutani juu ya mlango wa bafu. Imeandikwa lita 80 na wati 1500. Tuliikuta humu tulipohamia. Siku zote tulikuwa tunaiwasha na kuiacha, maana maji yakishapata moto taa yake nyekundu inazima yenyewe, baadaye inawaka tena.

Mwezi wa tano ikagoma. Maji baridi kabisa. Mwenye nyumba akasema tutafute fundi, tutakatana kwenye kodi. Tukamwita kijana wa mtaani. Akafungua kifuniko cha chini, akahangaika na waya kwa muda mfupi tu, hakutuma tununue kifaa chochote, akafunga na kuchukua elfu kumi na tano yake. Maji yakawa ya moto kuliko zamani! Tulifurahi, maana baridi ndiyo ilikuwa inaanza na mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Machame kwa ajili ya kliniki.

Sasa ile taa nyekundu haizimi tena. Alfajiri inawaka, mchana inawaka, jioni inawaka. Tanki linanguruma. Ukifungua bomba la moto linatema mvuke kwanza, halafu maji yanakuja kwa kukatikakatika. Juzi nimefungua bomba la baridi kwenye sinki, nalo likatoa maji ya vuguvugu. Mwanangu mdogo ameungua mkono, si sana, lakini ameungua. Tangu hapo usiku naizima kwenye swichi ya ukutani.

Halafu LUKU. Umeme wa elfu thelathini ulikuwa unatupeleka wiki mbili. Sasa siku nne, mita inaanza kulia. Mume wangu anasema ni dada wa kazi, eti tukiwa kazini anaoga maji ya moto na kufulia nguo zake. Mwisho wa mwezi wa sita amemkata elfu ishirini. Dada hajasema neno, ila amenyong'onyea, na mimi siamini kama ni yeye. Binamu wa mume wangu anayetengeneza umeme wa magari akaja kuangalia, akasema hita za siku hizi ndivyo zilivyo, dawa yake ni kuiwasha nusu saa na kuizima. Mwenye nyumba nikimpigia anasema sisi wapangaji ndio tunaitumia vibaya.

Naomba uniambie, hiyo ya nusu saa inatosha? Na nimwambieje mume wangu habari ya dada bila kuonekana nashindana naye?

Mama Wawili, Ilboru

---

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mkono wa mtoto.

Kabla hujaendelea kusoma, nenda kwenye meni swichi, tafuta breka ya hita, uishushe. Usiishie kwenye swichi ya ukutani. Swichi iliyobeba hita inayowaka kutwa huweza kuungua kwa ndani, ukaizima kwa kidole na umeme bado unapita. Ukishashusha breka, liache tanki lipoe mpaka kesho. Usifungue bomba la moto kulitoa mvuke, na mtu yeyote asifunge geti valvu ya maji yanayoshuka kutoka kwenye simtanki. Hiyo ya geti valvu naisisitiza kwa sababu mtu akiona mvuke mkono wake hukimbilia kufunga maji. Maji yakichemka hupanuka, na kwa jinsi unavyoeleza, yanapanukia nyuma, yanapanda kwenye bomba la baridi kuelekea simtanki. Ndiyo maana sinki limekutolea vuguvugu. Kwa sasa hiyo ndiyo njia mliyo na uhakika nayo. Ukiifunga na hita ingali ya moto, mnabaki na ile vali ndogo ya usalama pembeni ya tanki, ambayo sijui mara ya mwisho ilijaribiwa na nani.

Kwa wanaodhani naongeza chumvi: Januari 1982, katika shule moja ya msingi huko Oklahoma, Marekani, hita ya maji iliyokosa kujizima ililipuka upande wa ukumbi wa chakula, watoto wakiwa mezani. Watu saba walikufa. Maji yaliyopita kiwango cha kuchemka yakiwa yamefungiwa ndani ya chuma, siku chuma kinapoachia hugeuka mvuke ghafla, na mvuke unataka nafasi mara 1,600 hivi ya ile waliyokuwa nayo maji. Tanki lenu lina mahali pa kupumulia, kwa hiyo sisemi kwamba litalipuka kesho. Nasema tu breka ishuke leo.

Sasa tuje kwenye kilichoharibika. Umenieleza vizuri kuliko mafundi wengi, kwa sababu umetaja kitu ambacho watu huwa wanakiruka: mwezi wa tano hita iliacha kuchemsha, na aliyeitengeneza hakununua kifaa.

Ndani ya kifuniko kile cha chini kuna koili inayochemsha maji, na kuna thamostati. Thamostati ni kifimbo kinachozamishwa kwenye mrija wake ndani ya tanki ili kihisi joto. Maji yakifika kiwango kilichowekwa, kinakata umeme wa koili, na taa yako nyekundu inazima. Huyo ni mlinzi wa kwanza. Karibu thamostati zote za tanki zina na mlinzi wa pili, kinga ya joto kupita kiasi, ambayo husubiri mpaka maji yapite kiwango kwa mbali, kisha inakata moja kwa moja. Hairudi yenyewe. Ina kitufe kidogo, mara nyingi chekundu, ambacho lazima mtu akibonyeze kwa mkono. Imefanywa hivyo makusudi, ili mtu afike, afungue, na ajiulize kwa nini imekata.

Unaona tunakoelekea. Nina hakika kwa kiasi kikubwa kwamba mwezi wa tano hita yenu haikuwa imekufa. Mlinzi wa kwanza alikuwa ameshashindwa kazi: vile vidole vya shaba vinavyogusana na kuachana ndani ya thamostati vimepigwa cheche mpaka vikagandana, au fimbo imechoka. Maji yakapita kiwango, mlinzi wa pili akakata. Nyinyi mkaona maji baridi mkasema imeharibika, kumbe ndiyo imewalinda. Kijana akaja, akakuta umeme unaishia kwenye thamostati, akaunganisha waya moja kwa moja hadi kwenye koili. Maji ya moto yakarudi, mtu akalipwa. Tangu siku hiyo hakuna kitu chochote ndani ya hiyo hita kinachojua maji yamefika wapi. Amewaondolea walinzi wote wawili kwa elfu kumi na tano.

Inawezekana hakuunganisha, alibonyeza tu kitufe na kuondoka. Lakini kama kinga ingekuwa bado ipo na nzima, ingeshakata tena zamani kabla maji hayajaanza kutoa mvuke. Kwa mwinuko wa mji wa Arusha, mita 1,400 hivi, maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 95 au karibu na hapo. Mvuke ukitoka bombani ujue mmefika huko. Na kwa habari ya watoto: maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima kwa sekunde tano hivi, ya nyuzi 70 hayasubiri zaidi ya sekunde moja. Ngozi ya mtoto huwahi zaidi.

Lipo jambo moja hujaniambia, na nataka uwaulize wote nyumbani, hasa mama mkwe: kuna mtu akigusa bomba au maji yanayotoka bafuni anahisi kama anapigwa shoti, hata kidogo tu, hata ganzi ya vidole? Koili iliyochemka kutwa bila kupumzika hupasuka ganda lake, umeme ukagusa maji. Kama fundi alibadilisha fezi (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), thamostati hata ikiwa nzima inakata upande wa nyutro tu, na koili iliyopasuka inaendelea kupata moto kupitia ethi, ule waya unaokwenda ardhini. Hapo hita haizimiki kwa sababu nyingine kabisa. Na nyumba isiyo na ethi nzuri, njia ya umeme inakuwa mwili wa anayeoga. Jibu likiwa ndiyo, bafu lifungwe, mtu asiguse hata bomba la baridi mpaka fundi afike.

Nusu saa ya binamu sasa. Hita ya wati 1500 ikiwaka nusu saa inapandisha joto la lita 80 kwa nyuzi nane tu. Maji ya Ilboru mwezi wa saba yakiingia na nyuzi 20, hiyo nusu saa inakupa 28. Mama mkwe wako hataogea hayo. Atasema ongeza kidogo. Utaongeza. Siku moja mtu atapigiwa simu, atatoka, atasahau. Kufikisha nyuzi 60 kunahitaji saa mbili na nusu hivi, na hakuna mtu wa kusimama chini ya swichi muda wote huo kila siku. Kwa hiyo hapana, haitoshi, na kwamba hita za siku hizi ndivyo zilivyo si kweli hata kidogo. Anayejua dinamo na betri za gari anajua volti 12. Mwache huko huko, kwa heshima zote.

Habari ya dada wala haihitaji maneno mengi, inahitaji kalamu. Ndoo ya lita 20, ukiipasha kutoka nyuzi 20 hadi 40, inakula chini ya nusu uniti. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, ambayo elfu kumi inakupa uniti 28 hivi, ndoo hiyo haifiki shilingi mia mbili. Elfu ishirini aliyokatwa ni ndoo zaidi ya mia moja. Huyo binti angekuwa anaoga na kufua saa ngapi, na watoto wamelindwa na nani?

Hita sasa. Wati 1500 ni uniti moja na nusu kila saa. Mnaizima usiku, tuseme inawaka saa 12. Ni uniti 18. Umeme wa elfu thelathini ni uniti 84, ukiisha kwa siku nne ni uniti 21 kwa siku. Toa 18, zinabaki 3, ambazo ndizo za friji, taa, pasi na televisheni. Hesabu imefunga bila dada kuonekana popote.

Lakini usimpelekee mume wako karatasi hii ukamwekea mezani kama hati ya mashtaka. Mwambie, “Baba fulani, mjomba wa ushauri kasema tuzime hita kwenye breka tuone LUKU.” Kisha yeye mwenyewe, si wewe, asome uniti zilizobaki leo usiku saa mbili na aziandike, asome tena kesho saa mbili. Dada awepo nyumbani, afanye kazi zake zote kama kawaida. Mita ikionyesha zimetumika uniti tatu au nne badala ya ishirini, mume wako atakuwa amejijibu, na hakuna mtu atakayekuwa amemshinda. Wanaume wengi tukipewa nafasi ya kugundua wenyewe tunakuwa wapole sana.

Elfu ishirini irudi. Hilo usiliache lififie kwa kuona aibu. Na akisema ni haki yake kama mwajiri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara aliyoikisia. Kosa liwe kweli la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi hasara ni nini na imehesabiwaje, na apewe nafasi ya kukataa. Dada wa kazi ni mfanyakazi kama wengine. Ampe yeye mwenyewe mkononi, isipitie kwako.

Fundi. Safari hii tafuta mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na umwombe akuonyeshe. Hatakasirika, anayekasirika ni kishoka. Akifika, kitu cha kwanza unachotaka kumwona akifanya ni kupima kwamba umeme umekatika kweli kabla hajashika waya. Kisha simama naye wakati anafungua. Ukiona waya mbili zimesokotwa pamoja na kufungwa tepu, zikiipita thamostati pembeni, ndilo jibu. Anunue thamostati mpya yenye kinga ya joto ndani yake, fimbo iwe na urefu ule ule wa ya zamani. Wengi hukosea hapa: wanaleta fimbo fupi, au ndefu isiyozama yote, inahisi joto la hewa badala ya maji, na baada ya wiki unaniandikia tena. Apime koili kama inavujisha umeme. Apime ethi. Ajaribu vali ya usalama, na kama imeganda aibadilishe bila mjadala, maana hiyo imekula joto lisilo lake kwa wiki nyingi. Vali hiyo ikidondosha matone wakati hita inachemsha usishtuke, ndiyo kazi yake, asije mtu akaiziba. Mabomba ya maji ya moto nayo ayaangalie; kama kuna kipande cha PVC ya kawaida, kitakuwa kimelegea kwenye maungio. Na kama bodi yenu haina ile breka ya kukinga shoti, yenye kitufe cha kujaribia chenye herufi T, mwambie aweke ya miliampea 30.

Thamostati aiweke kwenye 60. Msishushe sana kwa kubana matumizi, kuna bakteria wa Legionella wanaopenda kuzaliana kwenye maji ya vuguvugu yanayokaa. Akimaliza, asiondoke. Zimeni breka nyingine zote, mwangalie kitaa kinachopepesa kwenye mita ya LUKU. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, hita ikiwa kazini kitapepesa kama mara 25 kwa dakika. Tanki likianza na baridi, kwenye saa mbili na nusu hadi tatu taa nyekundu izime na kitaa cha mita kitulie. Kisipotulia, kazi haijaisha na hela haijatoka mfukoni. Muda ni mrefu, ndiyo. Mpikie chai.

Nimetaja chai nikakumbuka. Mpaka hita ipone maji ya mama ya kuoga yachemshwe kwenye gesi na kuchanganywa ndoo, hiyo haina ubishi.

Mwisho mwenye nyumba. Hita aliifunga yeye, ni mali yake, na kuitengeneza ni juu yake, mlivyokubaliana mwanzo kwamba mtakatana kwenye kodi ndivyo iendelee. Lakini asije akasema hakuambiwa. Mwandikie ujumbe leo, kwa adabu, useme hita haijizimi, mtoto ameungua, umeizima kwenye breka kwa usalama wa nyumba yake, na unaleta fundi mwenye leseni ambaye risiti zake utamtumia. Usimtaje yule kijana wala usilaumu. Siku fundi mpya akifungua kifuniko, piga picha hizo waya kabla hajazigusa, na picha nazo umtumie.